Gari la Watu Wawili

Decorah, Iowa
6 Aprili 2014

Shemeji Orrin,

Natumaini ulifika salama na mgongo haukukusumbua sana baada ya kukaa kwenye basi kutwa nzima. Mimi sijambo. Theluji inayeyuka, uani ni matope matupu, na jikoni bado nina bakuli za watu nisizojua za nani. Wakati wa msiba kila mama kanisani aliniletea viazi vya kuoka, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuandika jina chini ya bakuli. Karin amerudi kwake Seattle. Aliniambia nikupigie simu kuhusu jambo hili, nikamwambia, "Baba yako mkubwa kwenye simu haachi mtu amalize kusema." Muuza magari ni muuza magari hata akistaafu. Kwa barua utanisikiliza mpaka mwisho, utake usitake.

Ni kuhusu lile gari la marehemu Lyle, lile Tamarack. Liko bandani chini ya turubai, halijawashwa tangu alipoanza kuugua. Jana alikuja jirani yangu Duane Kittleson, yule mwenye ndevu aliyebeba jeneza upande wa mbele. Duane hushiriki yale mashindano ya kugongana magari kwenye maonyesho ya kaunti kila Julai. Anasema gari fupi lenye pua nzito linagonga vizuri. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniambia kwa upole kabisa, "Bi Verna, angalau litakufa watu wakilishangilia."

Nilikaribia kumwambia alichukue saa ile ile. Banda nalihitaji. Tena wewe unajua mimi na gari lile hatujawahi kupatana. Tulikuja kwako Michigan kiangazi kile mwaka wa tisini na moja ili Lyle avue samaki na wewe, na siku ya kuondoka mume wangu akatoka na gari la milango miwili na viti viwili, nyumbani tuko watatu. Karin akachagua kukaa na baba yake. Mimi nikarudi Iowa peke yangu na lile gari letu la zamani, nikiwafuata nyuma, nikiona vichwa vyao viwili kwenye kioo wakicheka. Wewe ndiye uliyemuuzia, Orrin. Kama unalitaka, njoo na trela. La sivyo, Duane analichukua.

Wasalimie majirani. Kula vizuri.

Shemeji yako,
Verna


Manistee, Michigan
11 Aprili 2014

Shemeji yangu Verna,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale kwenye masanduku ya barua, sijavua hata koti. Mgongo hautamaniki, lakini mimi ni mzima, asante. Ziwa bado lina barafu kingoni. Sasa tuyaache hayo. USIMPE DUANE.

Nisikilize, maana kwenye barua hata wewe huwezi kunikata maneno. Tulipoletewa magari yale, bosi wangu mzee Falkenberg aliyaita keki ya harusi: kila mtu anaitazama, hakuna anayeila. Mawili tuliyatoa kwa tabu. Lile jekundu likabaki. Watu waliingia, wakalizunguka, wakalipapasa mgongo, wakasema "lo, zuri hilo," kisha wakaenda kununua gari la kubebea mbao. Mmoja akaniuliza, "Watoto watakaa wapi?" Mwingine akasema kwa bei hiyo angetaka liwe na mbio zaidi. Tulilihamisha kutoka dirishani hadi pembeni ya birika la kahawa, na mwishowe Falkenberg akaanza kuning'iniza koti lake kwenye kioo chake cha pembeni. Mimi nilikuwa nalifuta vumbi kila asubuhi kabla hajafika, kwa sababu nilikuwa naona haya kwa niaba yake.

Kampuni haikuyakimbiza magari yale kwenye mkanda kama mengine. Kikundi kidogo cha mafundi kiliyaunganisha polepole, kituo hadi kituo. Funga mlango wake usikilize. Hakuna mlango unaofungika vile siku hizi. Yaliyotoka kiwandani yalikuwa machache, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu imeyala mengi. Yatakayobaki yatatafutwa, Verna. Nimeuza magari maisha yangu yote, na najua kitu kilichokataliwa kwa sababu ni kibaya na kilichokataliwa kwa sababu watu walikuwa na haraka.

Lyle alipoingia siku ile, alikwenda moja kwa moja kwenye gari. Aliling'oa lile koti la Falkenberg, akalitundika kitini, akarudi kulitazama gari. Sikumuuzia. Niliandika tu karatasi.

Mimi hapa nina chumba kimoja na roshani tangu mke wangu Marjorie alipofariki. Sina pa kuliweka. Nakuomba ulitunze wewe. Kutunza si kulifunika tu. Gari likikaa bila kuendeshwa linakufa taratibu: mipira inakauka, mafuta yanaharibika, panya wanahamia. Litoe kila mwezi, uliendeshe mpaka injini ipate joto sawasawa. Lisiguse chumvi. Ukifanya hivyo sitakuomba kitu kingine maishani.

Shemeji yako anayekusihi,
Orrin


Decorah
2 Juni 2014

Shemeji Orrin,

Habari za huko kwenye ziwa? Huku mahindi yamechomoza na mimi nina mafua ya mwanzo wa kiangazi, si kitu cha kutisha.

Hutaniomba kitu kingine maishani! Karin nimemsomea maneno hayo kwenye simu, akacheka mpaka akakohoa.

Sawa. Nimemwambia Duane hapana. Akasikitika, kisha akanisaidia kununua betri na kuitia, kwa hiyo usimseme vibaya tena. Panya walikuwa wamejenga nyumba nzima chini ya kiti cha abiria, kwa kutumia karatasi za aiskrimu walizoacha Karin na baba yake. Nilipowasha, likakohoa, likatoa moshi wa rangi ya maziwa, likatulia. Nilikaa pale bandani mikono juu ya usukani. Nimeendesha basi la shule kwenye milima hii na barafu yake yote, Orrin, na nilikuwa naogopa kutoa gari dogo getini.

Sasa nikueleze aibu yako. Unazijua zile taa zinazojificha kwenye boneti na kuchomoza ukiziwasha? Ya kushoto imekufa. Inachomoza ya kulia peke yake. Nimepita mbele ya kanisa huku mvua inanyesha, mchungaji Tollefson yuko nje anapandisha bendera, na mimi mjane wa miezi mitatu nikamkonyeza kwa gari jekundu. Jumapili aliniuliza, "Bi Haugen, unaendeleaje?" kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu.

Nilikwenda mpaka mji wa Calmar na kurudi. Mlango nimeusikiliza. Ni kweli unavyosema kuhusu mlango.

Shemeji yako,
Verna


Manistee
9 Juni 2014

Shemeji Verna,

Natumaini mafua yamekwisha. Ndani ya kifurushi hiki kuna mota ya taa ya kushoto, bado imo kwenye boksi lake. Falkenberg alipofunga duka, vipuri vya Tamarack havikuwa na mwenyewe. Walitaka kuvitupa kwenye pipa. Nilivijaza kwenye sanduku la viazi, nikavibeba nyumbani, Marjorie akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Viko chini ya kitanda changu. Ukihitaji chochote, sema, nitakitafuta.

Nimecheka mpaka jirani, Bi Halina Sobczak, amegonga ukuta. Mwambie mchungaji gari lilikuwa linamkonyeza kwa hiari yake.

Shemeji yako,
Orrin


Decorah
21 Septemba 2015

Shemeji Orrin,

Salamu nyingi kutoka huku. Niko salama, magoti yanalalamika lakini yananibeba. Asante kwa ile pampu ya mafuta na kwa mpira wa dirisha. Fundi wetu wa hapa alishika ule mpira kama mtu aliyeshika yai la ndege, akaniuliza umetoka wapi. Nikamwambia chini ya kitanda cha shemeji yangu. Hakuniuliza tena.

Umenisumbua mwaka mzima nilipeleke kwenye maonyesho ya magari ya zamani hapa mjini. Haya, nimelipeleka. Waliniweka mwisho wa mstari, karibu na vyoo. Upande huu magari makubwa ya miaka ya sitini yanang'aa kama masufuria mapya, wanaume wenye vitambi wamekaa mbele yake kwenye viti vya kukunja. Na mimi nikakunjua kiti changu, nikatoa mkate wangu wa siagi na yai, nikasubiri. Kwa siku nzima alinijia mwanamume mmoja, akalitazama gari, akanitazama mimi, akasema, "Samahani mama, hiki choo kina mtu?"

Lakini nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikuondoka mapema. Nilikaa mpaka wakaanza kukunja mahema. Nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake, kama ulivyosema ulivyokuwa unaona haya.

Siku hizi sitoki mara moja kwa mwezi. Natoka kila Ijumaa. Enzi zile Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yao, Lyle na Karin, kwenda kula aiskrimu Calmar. Mimi nilibaki varandani. Lyle akisema, "Wiki ijayo zamu yako, Verna," na wiki ijayo kuna kikao cha shule, au ndizi zinaoza nataka kuoka, au mvua. Kisha Karin akakua, akaondoka, na Lyle akawa anatoka peke yake, na mimi nikawa nimeshazoea varanda.

Kiti cha dereva kimebonyea kwa umbo lake. Mimi mfupi, nikikaa nazama, naona barabara kwa juu ya usukani kama mtoto. Fundi alitaka kunijazia sifongo mpya. Nimemkatalia. Nimeweka mto.

Redio inashika kituo kimoja tu, cha muziki wa polka na bei ya nguruwe. Nakisikiliza hicho hicho.

Shemeji yako,
Verna


Manistee
8 Machi 2017

Shemeji mpenzi,

Habari ya baridi? Kwetu ziwa limenguruma wiki nzima na sijatoka nje. Mengine yote mema. Kaa kitini kabla hujaendelea kusoma.

Umekaa? Kuna makumbusho ya magari kule Indiana. Wanatengeneza ukumbi mpya wa magari ambayo watu waliyapita bila kuyaona thamani. Nimeandikiana nao tangu Krismasi. Wanataka Tamarack moja ambalo halijabadilishwa kitu, lenye rangi yake ya kiwandani, viti vyake, vipuri vyake. Nimewatumia picha ulizonipigia bandani. Yule bwana amenipigia simu mwenyewe, na safari hii nilimwacha amalize kusema. Wanataka hilo letu.

Litawekwa juu ya jukwaa, chini ya taa, na kibao chenye jina la Lyle. Watoto wa shule wataletwa. Sharti ni moja tu: watamwaga mafuta yake yote, watalikausha, halitaendeshwa tena. Ndivyo wanavyoyahifadhi.

Nilisema, Verna. Tangu lilipokuwa linatundikwa koti nilisema. Niambie ndiyo, wao watalifuata na trela yao iliyofunikwa.

Shemeji yako mwenye furaha,
Orrin


Decorah
20 Machi 2017

Shemeji Orrin,

Nakusalimu, na nimefurahi kuwa u mzima. Nimeisoma barua yako mara nyingi, kwa hiyo usiseme sikufikiri.

Hapana.

Najua ulilolifanya. Najua bila wewe Duane angekuwa ameshalikunja kama karatasi. Lakini ulinituma niliendeshe, nikaliendesha. Nimekaa miaka yote ile nikiangalia mgongo wa gari lile likitoka getini. Sasa nimeingia ndani, unataka nishuke?

Wakimwaga mafuta, harufu itakwenda. Bado lina harufu ya Lyle, Orrin, ile tumbaku ambayo aliniapia ameacha. Kile kiti hakuna mtu atakayekikalia. Kibao chenye jina lake nimeshakiweka makaburini.

Nisamehe kwa kukuharibia furaha. Uje kiangazi, nikupeleke Calmar.

Shemeji yako,
Verna


Manistee
2 Aprili 2017

Verna,

Mimi mzima. Nitakuwa mfupi.

Wewe ulitaka kumpa Duane. Mimi nililiokoa. Nililifuta vumbi wakati hakuna aliyelitaka, nimelala juu ya vipuri vyake kama kuku anayeatamia, na sasa, mara moja katika maisha yangu, watu wenye akili wamesema nilikuwa sahihi, wewe unazungumzia harufu ya tumbaku.

Kila Ijumaa unalichezea kamari. Mlevi mmoja, barabara moja yenye utelezi, basi. Na likiisha, limeisha kwa kila mtu, si kwako tu. Halikutengenezwa na wewe wala Lyle. Lyle angekuonea aibu.

Nimewaandikia kwamba mwenye gari amekataa.

Orrin


Decorah
14 Novemba 2018

Orrin,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Unisamehe mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Sikukujibu wakati ule kwa sababu ya yale maneno kuhusu Lyle. Baadaye nilitaka kukujibu, ikawa tumekaa kimya muda mrefu mno, nikaona haya kuanza. Krismasi nilikununulia kadi. Bado iko kwenye droo.

Naandika kwa sababu ni haki uyasikie kwangu. Ijumaa iliyopita jioni, karibu na daraja la kutoka Calmar, kulungu dume alitoka kwenye mahindi yaliyovunwa. Nilikanyaga breki, lakini ndiyo hivyo. Upande wa kulia wa mbele umeingia ndani: madigadi, taa, kona ya boneti. Kioo kimepasuka. Mkono wangu wa kulia umevunjika kifundoni, na bega lina rangi ya zambarau. Kulungu alikufa. Duane ndiye aliyekuja na kamba. Hakunifanyia mzaha hata kidogo, akalivuta mpaka bandani polepole kana kwamba kuna mgonjwa ndani, kisha akanipeleka hospitali.

Ulisema itatokea, na imetokea. Lile gari wa makumbusho hawatalitaka tena, wala sidhani kama kuna mtu atakayelitaka. Sina la kujitetea. Sikuwa naendesha mbio. Nilikuwa nasikiliza bei ya nguruwe.

Verna


Manistee
19 Novemba 2018

Shemeji Verna, shemeji yangu,

Mkono ukoje? Wamekufunga plasta au wametia vyuma? Nani anakupikia? Nani anakufungulia chupa za dawa? Bega likipakwa mafuta ya joto linapona haraka, Marjorie alifanya hivyo. Usipande ngazi. Usiende kwenye banda peke yako, kuna barafu. Karin anajua? Mwambie Karin!

Barua yako nimeisoma kwa kioo cha kukuzia. Nilipofika kwenye kulungu, macho yakaruka mistari yote kutafuta wewe umekuwaje. Habari za gari nimezisoma baadaye, kesho yake.

Mimi nikueleze na ya kwangu. Unaona ninavyoandika kwa kalamu nene, herufi kama za mtoto wa darasa la kwanza. Macho yanakufa, Verna, yote mawili, kuanzia katikati. Nilijua kabla ya ile barua ya makumbusho. Nilitaka nilione mara moja likiwa juu, chini ya taa, watu wamelizunguka, kabla sijashindwa kuliona. Sikukuambia. Nikakutupia maneno kuhusu ndugu yangu, na yale maneno hayana ukweli ndani yake. Lyle hakuwahi kukuonea aibu siku moja.

Wale wa makumbusho walipata jingine huko Ohio, jeupe, halijawahi kunyeshewa. Kiangazi kanisa lilipeleka wazee kule Indiana kwa basi, nikaenda. Liko jukwaani, taa zinalimulika. Nilisimama nalo mpaka wakaja kuniita kwa chakula. Ni zuri. Limetulia kama ndege aliyejazwa pamba. Niliinama kwenye dirisha lililo wazi kidogo nikavuta pumzi, na halikuwa na harufu yoyote. Nilirudi kwenye basi nikitaka kukuandikia, na mimi pia nikaona haya.

Madigadi sina chini ya kitanda. Lakini kuna mtu Wisconsin, huko Viroqua, ana mzoga wa Tamarack nyuma ya gereji yake. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii. Si mbali na kwako. Mwambie Duane aende na kamba zake.

Kwanza mkono.

Shemeji yako,
Orrin


Decorah
3 Juni 2019

Shemeji Orrin,

Hujambo na macho? Mimi mkono umerudi, hauzunguki sawasawa lakini unashika usukani, na ndicho kinachotakiwa.

Duane alikwenda Viroqua mara tatu. Mzee wa kule alikataa kutuuzia mpaka amjue mtu atakayevitumia vipuri, kwa hiyo mara ya tatu nikaenda mwenyewe na mkate wa ndizi. Boneti imenyooshwa, na tumepata madigadi na taa. Vyote ni vya rangi ya bluu ya anga. Fundi akauliza tupake nyekundu lini. Nimemwambia asubiri, pesa za rangi nimeziweka kwa ajili ya safari. Kwa sasa lina shavu moja la bluu kama mtu aliyepigana baa.

Nakuja. Nitavuka Wisconsin mpaka Manitowoc, kisha gari na mimi tutapanda kivuko kuvuka ziwa. Nitakuwa kwako Julai, Ijumaa ya pili. Vaa shati safi. Najua utasema nisihatarishe gari kwa safari ndefu. Sema sasa, uchoke mapema.

Karin anasema, "Mama, hatimaye ni zamu yako, na wewe unakwenda kumchukua baba mkubwa?" Nikamwambia kiti cha pili kimekaa wazi muda mrefu.

Shemeji yako,
Verna


Manistee
30 Julai 2019

Shemeji mpenzi Verna,

Salamu kutoka huku, na shukrani kwa kadi iliyosema umefika kwako. Mimi mzima wa mwili. Anayeandika ni Bi Halina Sobczak wa mlango wa pili, kwa sababu mistari yangu sasa inapandiana. Mimi nasema, yeye anaandika. Ameniapia hataongeza kitu. (Nitaongeza nikitaka. H.S.)

Siku ile uliponipeleka ufukweni hukuniuliza kilichotokea. Ulikwenda kupanga foleni ya samaki wa kukaanga, ukaniacha nimeegemea mlango, na uliporudi ukakuta watu wamejaa. Ulicheka, ukanipa samaki wangu, tukaondoka. Mimi nilianza kula samaki, habari nikaiweka akiba. Sasa nakueleza.

Alianza kijana mmoja na mkewe. Sauti zao za watu wa mjini. Kijana akasema, "Mzee, samahani, hili ni gari gani? Sijawahi kuliona." Nikamwambia. Akasema, "Ni la nchi gani?" Nikamwambia, "La hapa hapa. Limetengenezwa mwendo wa saa chache kutoka uliposimama." Akapiga mluzi.

Basi, Verna, nikaanza. Sijui maneno yalitoka wapi. Yalikuwa yale yale niliyokuwa nayasema dukani, neno kwa neno. Niliweka mkono kwenye boneti, nikaenda nalo kwa kupapasa: hapa tazama mstari huu unavyoanza kwenye taa usikatike mpaka nyuma, hapa kioo kimekatwa hivi ili usione nguzo, hapa shika. Nikafika kwenye lile shavu la bluu, nikawaambia huyo ni kulungu wa Iowa, na dereva ni shemeji yangu, na wote wawili hawakutaka kupishana. Wakacheka. Nikasikia viatu vingine vinakuja kwenye kokoto. Mtu akawanyamazisha wenzake ili asikie. Kwenye duka la Falkenberg sikuwahi kufika mwisho wa maelezo yale. Kila mara mteja aliangalia saa. Ufukweni nilifika mwisho, wakataka niendelee, na mimi sikuwa na kitu kingine, kwa sababu hakuna aliyewahi kunifikisha hapo.

Kisha yule kijana akaniuliza kama linauzwa. Hakuwa anatania. Akataja bei, na mtu wa nyuma akataja nyingine juu yake.

Unajua mimi sijawahi kumkatalia mnunuzi. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikasema, "Mwenyewe yuko kwenye foleni ya samaki. Lakini msipoteze muda wenu kumuuliza." Na nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote niliyouza gari. (Anafuta macho. H.S.) Andika ninachosema, Halina.

Yule mke wa kijana akaomba akae ndani, dakika moja tu. Nikawafungulia, wote wawili. Wakaingia. Alifunga mlango upande wake, nikausikia mlango ukifungika vile vile. Labda walishikana mikono, sijui.

Daktari wa macho alinifundisha jambo. Alisema usikitazame kitu unachotaka kukiona, maana katikati hakuna kitu tena, kuna ukungu tu. Tazama kando yake. Kwa hiyo niligeuza uso nikatazama ziwa. Nilikaza macho kwenye maji. Na gari likaja lenyewe, pembeni kabisa, jekundu, na shavu lake la bluu, na watu wawili ndani.

Nililiona lote, Verna.

Shemeji yako,
Orrin